Kompyuta Kwenye Karai

Shemeji yangu, mume wa dada, alitoka machimboni baada ya duara, lile shimo wanaloshuka kutafuta dhahabu, kumfukia mwenzake akiwa pembeni yake. Dada akamwambia hashuki tena. Akakubali. Ila kilimo hakikumkaa, na mimi simlaumu. Mtu aliyezoea dhahabu huona mahindi yanamchelewesha.

Ndipo akasikia kwamba kompyuta za zamani zina dhahabu ndani. Ni kweli, wala hakudanganywa, hilo niliandike mapema. Mfanyabiashara mmoja wa Majengo alikuwa na mbovu zimemjazia stoo, akatuachia tumsafishie. Tulipozifungua nyumbani Nsemulwa tukakuta kadi zenye meno ya njano pembeni, yanang'aa. Shemeji akacheka peke yake.

"Shemeji, jiwe letu halionyeshi kitu na bado tukilisaga linatoa. Hili limevaa nje nje, litatunyimaje?"

Niliona hoja ina maana. Yule mfanyabiashara alikuwa ametuambia Dar wapo wanunuzi wanaozichukua nzima nzima, wanatoa dhahabu kwa dawa zao. Shemeji akasema huyo ni mtu wa duka, mawe atayajulia wapi.

Kwa hiyo tukazifanya kama mawe. Akazitwanga kwenye kinu cha chuma mpaka zikawa unga wa kijani, tukaosha kwenye karai, akamimina zebaki, ile inayokamata dhahabu, akasugua kwa kiganja kama siku zote. Zebaki ikakamata. Akakamua kwa kitambaa, likabaki bonge kama ndimu. Machimboni hajawahi kupata bonge la namna hiyo. Dada akaja mikono ina unga wa ugali, akalitazama, akasema taratibu, "Basi umepona, baba."

Tukalichoma nyuma ya nyumba, tumesimama upande unakotoka upepo, maana moshi wa zebaki ni sumu. Mchimbaji akichoma anasubiri njano. Sisi ikabaki kijivu. Shemeji akachochea moto zaidi, kile kijivu kikayeyuka, kikawa kinateleza kama matone ya kulehemu kwenye meza ya fundi redio. Hapo nikaelewa, au nadhani nilielewa: zebaki ilikuwa imekamata risasi, ile waliyounganishia vile vidude. Dhahabu yenyewe ilikuwa imepakwa nyembamba tu juu ya meno, sisi tukaisaga na kuimwaga pamoja na maji. Inawezekana nakosea. Sikusoma mambo hayo.

Shemeji alichuchumaa anakigeuza kwa kijiti. Dada hakumcheka, ingawa angeweza.

"Ukitaka kushuka, shuka," alimwambia. "Ila usije ukasema ni kompyuta zilizokurudisha."

"Mama, siendi chini. Nitakuwa naosha mchanga juu."

Kazi ya kuosha juu ipo kweli, na wengi wanaifanya, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumdhania vibaya. Wiki iliyofuata akaenda. Anayeosha mchanga hurudi suruali imelowa mpaka magotini. Siku za mwanzo alirudi hivyo, na dada alizianika nguo zake anaimba.

Juzi alirudi suruali kavu, vumbi limemjaa masikioni. Dada alimtengea maji ya kuoga, akamwongezea ndoo ya pili, akaingia ndani.