Sikumpa Udhuru

Mnunuzi wangu mkubwa wa unga ni mzee mmoja mwenye maduka ya jumla hapa Songea. Mwaka jana alinialika kwenye sendi-ofu, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya harusi. Nilishona kitenge kipya, nikapanda bodaboda kutoka Bombambili, na nilipofika tu mkewe akanielekeza jikoni. Nilimenya vitunguu huko mpaka sherehe ikaisha, pamoja na akina mama wengine wanaomuuzia bidhaa mumewe. Ukumbini hakuketi hata mmoja wetu.

Mwaka huu alikuja mwenyewe kwenye mashine yangu ya kusaga.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi mjukuu wangu anapata kipaimara. Usikose nyumbani."

Nilizima mashine ili anisikie vizuri. "Asante sana kwa kunikumbuka, mzee. Mungu ambariki mtoto. Ila mimi sitakuja."

"Una safari?"

"Hapana, nipo."

"Unaumwa?"

"Mimi mzima, mzee. Sitakuja tu."

Alinitazama akidhani nitacheka. Nikawasha mashine tena. Nilijua kwamba nikisingizia mgonjwa kule Madaba, mwakani nitalazimika kutunga mgonjwa mwingine.

Wiki mbili gari lake halikuonekana. Wiki ya tatu lilikuja, likapakia mifuko ya unga kama kawaida. Akina mama wenzangu wakasema nina kiburi. Niliwajibu kwamba ndiyo, ninacho, na anayekitaka aje nimgawie.