Siku Limi Alipoishika Ngoma ya Kulimia

Mama mkwe wangu, Limi, hakuwa mtu wa kuomba msaada. Ukimkuta anaburuta gogo la kuni, ole wako umpokee bila kuambiwa. Nilikaa kwake miaka miwili, kijijini nje kidogo ya Tinde, na sikuwahi kumsikia akiita mtu. Ndiyo maana haya ninayoyasimulia bado yananisisimua mwili, ingawa wajukuu wameshayachoka.

Mwaka wa arobaini na tisa jua lilituwakia kana kwamba tuna ugomvi nalo. Novemba ilifika bila tone la mvua. Mume wangu Kalisti alikuwa mgodini Geita, mimi nina mimba ya miezi saba, na Limi alinilea kwa amri. Jembe liwekwe chini kabla jua halijafika utosini. Maji ninywe kidogo kidogo, hata kama sisikii kiu. Asubuhi uji mwepesi wenye chumvi, nipende nisipende. Jirani yetu Nkwabi alibisha, akang'oa visiki shambani mpaka saa saba mchana, akaanguka huku akipayuka maneno yasiyoeleweka. Limi alimburuta kivulini, akammwagia maji kichwani na kwapani, akampepea kwa ungo, na muda wote huo anamtukana. Nkwabi alipopata fahamu, matusi yalikuwa bado yanaendelea.

Mahali penye ubaridi kuliko pote palikuwa tembe ya zamani ya baba mkwe wangu, nyumba ya kuta nene na paa la udongo.

"Ingia humo, Eufrasia mwanangu," Limi aliniambia. "Mchana wote ulale na mjukuu wangu kwenye ubaridi."

Niliingia kwa furaha. Paa lilikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Kwa kawaida huzibwa mvua zikikaribia, lakini mwaka ule nani alikumbuka mvua?

Ikaja alasiri moja, ghafla. Upepo, halafu mvua ya mawe, halafu maji ambayo sijayaona tena mpaka leo. Lile paa liliyanywa yote kwa nyufa zake, likawa zito, na boriti ikakatika. Sikuwahi hata kusimama. Boriti iliangukia ukutani ikakaa mshazari juu yangu, ikaniachia nafasi ya kichwa na tumbo. Mguu wa kulia ulibanwa, na udongo ukanifika kifuani. Nilikuwa hai, lakini udongo ulikuwa unazidi kuteremka.

Limi alitoka jikoni akaona lundo mahali palipokuwa na nyumba. Alichimba kwa mikono, na kila alipochota, tope jingine liliporomoka. Ndipo mwanamke yule akaweka mikono mdomoni akapiga mwano, lile yowe la hatari la Wasukuma ambalo kila anayelisikia hulipokea na kulipeleka mbele. Nililisikia kule chini nikalia kwa furaha. Watu wanakuja!

Hawakuja. Wiki zile wezi wa ng'ombe walikuwa wanatusumbua, na wanaume walishakubaliana: mwano ukitoka upande wetu, mtu asipoteze muda kwenda nyumbani kwa mpigaji, wote wakimbilie kivukoni wakazibe njia ya wezi. Basi walikimbilia kivukoni na pinde zao, baba mkwe wangu Maganga mbele, wakasimama kwenye mvua wakilinda mto usiokuwa na mwizi wala ndama. Wanawake nao, kama ilivyopangwa, walijifungia ndani na watoto. Kila mtu alifanya wajibu wake barabara, na mimi nilikuwa nakaribia kufa.

"Nimewaita vitani, nao wamekwenda vitani," Limi alijiambia. Mwenyewe alinisimulia baadaye.

Maganga alikuwa kiongozi wa chama cha kulima, na ngoma ya chama ilitundikwa pale pale nyumbani. Ikilia, wanaume kwa wanawake huchukua majembe na kuifuata iliko, kwa sababu watu wale hulima kwa mapigo yake. Mwanamke haigusi, hata kuifuta vumbi. Limi aliitungua, akaisimamisha kwenye matope, akaipiga.

Niliitambua mara moja. Nikadhani mvua imenyesha, basi watu wanakwenda kulima, mimi wamenisahau! Hasira iliyonipanda ilinipa nguvu ya kuendelea kuvuta pumzi.

Kisha ardhi ikaanza kutetemeka. Ilikuwa miguu, miguu mingi, kutoka kila upande. Waliokuwa juu wanasema watu walizidi mia, wengine wametoka kivukoni wakapitia makwao kubadilisha pinde kwa majembe, bila kuelewa nani analima kwenye mafuriko. Maganga alifika amefura.

"Nani ameshika ngoma yangu?"

"Eufrasia yuko chini," Limi alijibu bila kuinua uso. "Chimbeni."

Mzee akanyang'anya mtu jembe. "Usiache, Mama Kalisti. Piga polepole, tusije tukamkata."

Nikasikia majembe mia yakishuka pamoja, taratibu, kwa pigo moja. Mimi ni Mzinza, mgeni wa watu hawa, na sikujua kwamba nina watu kiasi kile duniani. Niliogopa, nikashangaa, nikamshukuru Mungu, yote kwa wakati mmoja. Mwanga ukaingia. Mikono ikanishika.

Walipokwisha kunitoa, jua lilikuwa limerudi, na mawe ya mvua yalimeta uani kote. Watu waliweka majembe chini, wamechafuka matope mpaka mapajani. Lakini ngoma iliendelea. Limi alitugeuzia mgongo, amefumba macho, anapiga.

"Mama Kalisti, tumemtoa," Maganga alisema.

Hakuacha. Yeye ndiye aliyenilaza mle ndani, na aliogopa kugeuka akaona alichokifanya.

Wanawake wawili walinibeba mpaka alipo. Nikaushika mkono wake, nikauweka tumboni kwangu, na mtoto akapiga teke. Limi akaketi pale pale kwenye matope, akalia mbele ya kijiji kizima, na Maganga akaketi kando yake.