Zamu ya Maji ya Zege

Nakumbuka siku moja, zege likiwa bado bichi juu ya nondo, nilisimama katikati ya saiti nimeshika kiuno kama vile chuo ni changu. Mwanangu, wewe uliyeanza kazi kwangu juzi na cheti chako kizuri, unalijua jengo hilo. Ni ule ukumbi wa mihadhara wa zamani unaoelekea milimani. Leo mimi ni meneja wa mradi wa jengo la nne la chuo hikihiki. Nina darasa la saba la Myamba, kijijini kwetu, na sugu za mikono, basi. Mainjinia wenye digrii husubiri niseme "mwageni" ndipo wamwage. Najisifu, ndiyo. Asiyejisifu kwa jasho lake atajisifia nini? Lakini usione vyaelea, vimeundwa, na mimi niliundwa kwa aibu.

Wakati ule nilikuwa kijana, msaidizi wa Injinia Rehema, mama mmoja mwembamba aliyesema maneno machache. Aliitwa mjini kwa wiki moja. Kabla ya kupanda basi akanikabidhi daftari la saiti. "Andika kila siku kilichofanyika. Slabu ya ghorofa msiimwage mpaka nirudi. Ukiniendeshea wiki hii vizuri, nitakuombea usimamizi. Ukiharibu, unarudi kubeba karai."

Kurudi kwenye karai! Nilikuwa nimebeba karai tangu ndevu hazijaota. Nikajiambia, huyu mama akirudi akute slabu, sakafu nzima ya juu, imeshamwagwa, usimamizi si wa kuombewa tena, ni wangu.

Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa mbovu, ila mimi ni Mpare, nina mashine ya babu zangu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaomba msaragambo. Wewe wa kuja huenda huujui. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu wa kazi, hakuna mshahara, hakuna kuulizana. Alfajiri watu wakashuka na majembe na ndoo. Kina mama wakapanga mstari wakipokezana makarai, vijana wakachanganya kwa koleo, nyimbo zikapaa mpaka malori yaendayo Hedaru yakapunguza mwendo. Kufika alasiri, slabu nzima imejaa. Mzee mmoja akanipiga bega akasema, "Huyu ndiye injinia!" Wakala makande, baragumu likalia la kufunga kazi, kila mtu akaenda kwake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa, zege nililinyima maji.

Maana msaragambo huisha siku ileile, lakini zege haliishi siku ileile. Linataka kunyweshwa maji siku saba ili likomae bila kupasuka, tena kwa jua hili la Same na upepo wake usio na huruma. Asubuhi yake nikafungua bomba la tangi, likakohoa. Maji tuliyamaliza yote kwenye kuchanganya! Boza, lori letu la maji, lilikuwa limepelekwa Hedaru, kurudi kwake ni keshokutwa. Nikapanda juu ya slabu. Imeanza kupauka kama midomo ya mgonjwa.

Nikakusanya mapipa kwenye mkokoteni, nikakimbia kwenye ndiva, lile bwawa letu la udongo linalokusanya maji ya mfereji kutoka mlimani. Mzee Mchome, mgawa maji, alikuwa ndani ya matope mpaka magotini, anaziba ukingo kwa jembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mapipa yote hayo, unaoa leo?"

"Nataka maji ya zege, mzee. Tumemwaga jana, linakauka."

"Zamu uliomba lini?"

Nikajifanya napanga mapipa. Akainuka taratibu, akanitazama.

"Wewe mtoto wa wapi?"

"Wa Myamba."

"Myamba!" Akacheka mpaka akaegemea jembe. "Nami nilidhani umeletwa na basi. Mpare gani anapanda kabla ya kuomba zamu ya maji?"

"Mzee, lile si shamba. Ni chuo kikuu."

"Basi hicho chuo kikuu kinafundisha kupanda pakavu? Baba yako hakukipata, lakini hakuwahi kutia mbegu ardhini bila kujua kesho atanywesha na nini, na keshokutwa, na maji hayo ni ya nani." Akaacha kucheka. "Ya leo ni ya Mama Nakijwa. Siwezi kugawa cha mtu. Nenda ukamwombe mwenyewe, na uongee kama mtu anayeomba."

Mwanangu, maneno yale yaliniingia kuliko fimbo. Yote niliyajua! Nimekua nikimsikia baba akiuliza zamu kabla ya kushika jembe. Nilipovaa kofia ya saiti tu, nikaona hayo ni mambo ya mahindi.

Mama Nakijwa alikuwa shambani, mahindi yake ndiyo yanachanua. Nilimweleza kila kitu, sikuficha. Akatazama mahindi, akatazama milingoti ya jengo.

"Hapo watasoma watoto wa nani?"

"Wa kila mtu, mama. Hata wako."

"Wangu akikaa chini ya hilo zege lako halitamwangukia?"

Nikavua kofia ya saiti.

"Chukua ya mchana," akasema. "Ya asubuhi ni ya mahindi. Na usinishukuru, nenda, jua linapanda."

Maji yale, kwa kusomba kwa mkokoteni na kutandika magunia mabichi, yalitosha nusu ya slabu. Nusu ya upande wa upepo ilipasuka nyufa mbele ya macho yangu, na boza lilipofika lilikuwa la kuosha maiti. Na kule shambani, safu za chini za Mama Nakijwa hazikufikiwa na maji, zikanyauka. Hilo hadi leo linaniuma.

Jioni ya siku lilipofika boza nikakaa na daftari. Kalamu ilikuwa nzito kuliko nyundo. Ningeweza kuandika kwamba saruji ilikuwa mbaya. Nikaandika: *Nimemwaga bila ruhusa. Maji sikuyapanga. Kosa ni langu.*

Injinia Rehema aliporudi hakupiga kelele. Alitembea juu ya slabu akigonga kwa nyundo ndogo, akisikiliza kama daktari. Akachora mstari wa chaki katikati.

"Huku pabaki. Huku pavunjwe, nondo zisiguswe. Vunja wewe."

"Peke yangu?"

"Si una msaragambo? Piga baragumu."

Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilivunja peke yangu, siku nne, waliokuwa wakiniimba wakipita barabarani kimya kimya. Siku ya nne akanijia, daftari mkononi. "Mwandiko wako mbaya," akasema, "lakini hausemi uongo. Karai nitambebesha mwingine. Kwanza nenda kapange maji."

Nikaenda kwa Mzee Mchome, nikakaa kwenye kikao cha wenye zamu, nikapangiwa siku zangu saba kama mkulima yeyote. Nusu ile tuliyoirudia ndiyo ngumu kuliko zote katika jengo. Kagonge usikie.

Sasa sikiliza, mwanangu. Jana ulinicheka kwa sababu nilikwenda kijijini kuuliza zamu wakati tuna kisima chetu. Hata kama tuna kisima, naenda. Meneja wa mradi si mtu wa siku ya kumwaga, siku hiyo kila mtu ni hodari. Yeye ni mtu wa siku saba zinazofuata, wakati nyimbo zimekwisha na jua limebaki. Usianze kazi kabla hujajua itanyweshwa na nini, na unachokichukua ni cha nani. Ukiambiwa subiri, subiri. Ukikosea, liandike kosa kwa mkono wako kabla ufa haujalisema. Na watu wakikuita injinia kabla kazi haijakomaa, ziba masikio, tafuta ndoo.

Mungu akujalie majengo marefu kuliko yangu, nami nitayaonea fahari kama yangu. Ajalie nyumba yako isikose mtu wa kutoka baragumu likilia. Na kila utakapotia mkono kwenye kazi, ukute zamu yako imefika na ndiva imejaa.