Alama ya Dole Gumba Chini ya Bawa

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumcheka Abdiel. Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, ndevu zimeshaingia mvi, anakaa kibarazani kwake Lemara akiunganisha vindege vya plastiki visivyozidi kiganja. Nikamwambia, "Jirani, umeanza utoto upya?" Akatikisa kichwa tu, kibano kikiwa katikati ya meno.

Maboksi ya vipande aliletewa na shemeji yake kutoka Nairobi. Vipande alivikata, akavipiga msasa, akavigandisha kwa gundi, akavipaka rangi. Kwake kosa lisilosameheka lilikuwa alama ya kidole kwenye rangi. Akiiona, aliisugua kwa msasa mpaka pawe laini, ndipo apake tena. Mikono ilishazoea kufanya hivyo hata akili ikiwa kwingine.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa binti yake, Brightness, msichana asiye na subira hata chembe. Mwaka jana alishika ndege kabla rangi haijakauka, akaacha alama ya dole gumba chini ya bawa la kushoto. Abdiel alimgombeza. Brightness akacheka, akasema ataisugua Jumamosi. Alhamisi pumu ikambana, na hakurudi kutoka hospitali. Tulimzika nyumbani kwao Machame.

Tangu hapo ndege ile ilikaa juu ya kabati bila kumaliziwa. Kila asubuhi mama yake Brightness, Anande, aliishusha, akaweka kidole chake juu ya ile alama, kisha akaenda kazini. Nasema wazi, niliacha kucheka.

Ibada ya kutimiza mwaka ilipokaribia, Anande aliomba ndege imaliziwe, waende nayo kaburini. "Ila pale chini usipaguse, Baba Bright."

"Nitapagusaje, mama?" Abdiel akajibu, na alikuwa anamaanisha.

Asubuhi ya safari nilipeleka gari. Nikamkuta kibarazani, msasa mkononi, uso umemshuka. Akaniambia alikuwa akilainisha ubavu wa ndege huku akimuwaza mwanawe, na vidole vikaendelea vyenyewe hadi chini ya bawa. Hasira zilinipanda, nikataka kumwita mpumbavu. Nilipomtazama usoni nikashindwa.

Anande akatoka na mkoba wake. Akaipokea ndege, akaigeuza kama kawaida, akaweka kidole. Kidole kikateleza.

"Pamekuwa laini," akasema.

Abdiel alikwenda kwenye uzio, akachuma jani la sale, akampelekea kwa mikono miwili. Kwetu Wachaga, mtu akikuletea sale kuomba msamaha, hukatai. Anande akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Tukaondoka. Kwenye kioo cha gari nilimwona Anande kiti cha nyuma, jani limelala mapajani, na dole gumba lake likipapasa chini ya bawa, mbele na nyuma, likitafuta, mpaka tukafika Machame.