Pipa Lililowashwa Kutoka Kimara

Nahudumia mashine zinazoendeshwa kwa kompyuta katika kiwanda cha sabuni za miche, Tegeta. Ni kazi ya kuchosha, hasa kwa sababu siku nzima narudia jambo lile lile kwa watu wanaonipenda na wasionisikia.

Kompyuta inayoendesha mapipa ya kupikia sabuni ni ya zamani, aliyetuuzia hapokei tena simu zetu, na paswedi yake ilikuwa imebandikwa pembeni mwa kioo kwa solotepu ili mtu wa zamu yoyote asihangaike. Juu ya hayo iliunganishwa na intaneti, bosi apate kuona uzalishaji akiwa nyumbani kwake. Nilipowaambia kwamba yeyote mwenye ile paswedi anaweza kuwasha pipa akiwa popote duniani, fundi mmoja aliniuliza, "Sasa dada, nani ataiba sabuni kwa intaneti?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Siku nyingine nilianza, "Jamani, usipoziba ufa..." wakanimalizia wote kwa pamoja, "utajenga ukuta!" kisha wakaenda kula.

Mtu ambaye hata mimi nilishindwa kumgusa ni mzee wetu. Alikuwa msimamizi wa uzalishaji miaka mingi na ndiye aliyenifundisha kazi. Alipostaafu alikabidhi funguo, koti na kitambulisho, tukamfanyia sherehe ya pilau, akarudi kwake Kimara. Programu ya kuendesha mapipa ilibaki kwenye simu yake. Nilipoomba ruhusa ya kuifunga, bosi alinitazama kama niliyeomba kuchimba kaburi.

"Utamfutaje mzee na bado yuko hai?" akasema. "Subiri kwanza."

Nikasubiri. Na kusema kweli alitufaa. Asubuhi alikuwa akipiga simu, "Mwanangu, mbona pipa la pili linapoa?" Tukikimbilia, kweli linapoa. Sabuni ikigandia ndani ya pipa huitoi mpaka uichonge kwa tindo, siku nzima na pengine ya pili. Yeye alishaichonga sana ujanani, akawa anaiogopa kuliko moto.

Jumanne moja pipa la pili lilikuwa limemwagwa lote ili lisafishwe. Fundi, yule yule wa wizi wa sabuni, alilisimamisha kwenye kompyuta, akaona limeandikwa limesimama, akaridhika. Swichi kuu ya ukutani hakuizima. Hakuna aliyekuwa akiizima, maana inazima pia mashine ya kufungashia. Akaingiza mkono hadi begani, akawa anakwangua masalia kwenye mapanga ya kukorogea.

Mapanga yakazunguka. Alikuwa ndiyo kwanza ameurudisha mkono nyuma apumzike, kwa hiyo kilichochukuliwa ni kile chuma cha kukwangulia. Nilisikia kikigongwa humo ndani nikiwa ofisini. Nilipofika, nimeshabonyeza kitufe cha dharura njiani, alikuwa ameketi sakafuni anauangalia mkono wake, anafumba vidole na kuvifumbua. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira zaidi kuliko huruma.

Kompyuta ilionyesha kwamba amri ya kuwasha ilitoka kwenye simu ya mzee. Nilielewa palepale. Kwenye kile kisimu chake, pipa tupu linalopoa na pipa lililojaa linalopoa yanafanana kabisa. Aliona joto linashuka na mapanga yamesimama, akajua watoto wamesahau, akatusaidia.

"Mtoe leo leo," bosi akaniambia. "Ila usimwambie sababu, utamuua. Sema ni utaratibu mpya."

Nikamtoa. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na nilijiuliza ni kitu gani hasa tulichokuwa tukikisubiri muda wote ule.

Jumamosi nilikwenda Kimara na uongo wangu mdomoni. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Simu hii imekuwa kipofu, haioni kiwanda tangu juzi juzi hapa."

Mkewe akatoka na jagi la juisi ya ukwaju. "Mtengenezee bwana," akasema. "Bila yeye Jumanne si mngekuwa mnachonga sabuni na matindo yenu? Mie wiki nzima naimbiwa hiyo tu humu ndani, 'nimewaokoa watoto, nimewaokoa watoto.'"

Mzee aliinamisha kichwa kwa haya, anatabasamu. Tangu astaafu sikuwahi kumwona na furaha ile, na nilimchukia bosi wangu, nikaichukia na kazi yenyewe. Ule utaratibu mpya ulikuwa tayari kwenye ulimi. Ningeusema, ningekunywa juisi, ningerudi zangu nyumbani Boko kulala. Lakini nilikuwa nimechoka kuwafichaficha watu mambo yanayokata mikono. Nikamwambia pipa lilikuwa tupu, na kwamba ndani yake kulikuwa na mkono wa mtu.

Mkewe aliacha kumimina.

"Mkono upi?" mzee akauliza.

"Wa kulia. Lakini aliuwahi, mzee. Ni mzima kabisa, jana alikuwa kazini."

Akauliza kama fundi ana watoto. Nikamwambia anao wawili. Akaiweka simu mezani polepole, akaisogeza mbali naye.

"Mie nilishatoka kule," akasema. "Nilikabidhi kila kitu. Hii mliniachia ya nini?"

"Tulikuwa tunakuheshimu, mzee."

"Heshima gani hiyo, mwanangu, ya kumwacha mtu mpaka aue?"