Siku Bibi Hakuomba Apunguziwe

Wiki iliyopita nilikuwa Guangzhou, kwenye duka la mikoba, nikasema yale maneno ya Kichina niliyofundishwa na wafanyabiashara wenzangu: "Tai gui le. Pianyi yidian." Ghali mno, punguza kidogo. Dada muuzaji hakuniuliza hata natoka wapi. Alibonyeza kikokotoo, akanigeuzia nione bei mpya, akaendelea na simu yake. Nilipata nilichotaka, rafiki yangu, lakini nilitoka pale mnyonge. Nilimkumbuka bibi.

Bibi hakuwa mtu wa kununua na kuondoka. Kila tulipokwenda sokoni Bagamoyo, moshi wa mafuta ya kukaangia ukituwasha macho, aliketi kwanza kwa mama muuza samaki. Walianza na habari za wagonjwa, wakahamia kwenye harusi, ndipo wakamkumbuka yule samaki changu. Akitajiwa bei, bibi alicheka na kuuliza kama samaki huyo amevishwa dhahabu. Kisha alijitanda khanga akaondoka polepole, amenibana mkono nisigeuke nyuma. Mwenzake alimwacha afike kwa wauza nazi, ndipo amwite: "Rudi, mwenzangu, hatujamalizana."

Nyumbani nilikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, naye akipaa samaki huku akicheka peke yake. Raha yake ilikuwa ile ya kuitwa.

Siku moja alitajiwa bei, akafungua pindo la khanga, akalipa. Mimi nilifurahi kwamba tutawahi kurudi. Mama muuza samaki hakufurahi hata kidogo. Alimtazama bibi usoni, akafunika samaki wake kwa gunia, akatufuata hadi nyumbani. Alimkalisha kitandani na kumuuliza: "Mwenzangu, unaumwa nini?"

Bibi akalia. Tumbo lilikuwa likimtesa tangu masika, na sisi tuliolala naye nyumba moja hatukuwa tumejua lolote. Hakuiona Ramadhani iliyofuata. Mama muuza samaki naye hayupo tena, na changu wangu siku hizi nanunua kwenye friji la duka, bei imebandikwa.

Jioni ya siku ileile, huko Guangzhou, niliingia duka jingine. Nikasema maneno yangu ya Kichina, muuzaji akatikisa kichwa. Nikajitanda mtandio, nikaondoka polepole bila kugeuka nyuma. Nilitembea hadi mwisho wa ujia, nikasimama kidogo kusikiliza. Hakuna aliyeniita.