Nilibadilisha hereni za dhahabu za mke wangu kwa silva, na hesabu yangu ilikuwa sahihi

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe, hapa Nyakato, Musoma. Sijaongeza chumvi, na aibu iliyomo ni yangu.

Mke wangu alikuwa na hereni za dhahabu. Mama yake, mkulima wa pamba kule Kisorya, aliuza ng'ombe ili amnunulie alipoolewa. Kwa hiyo zile hazikuwa hereni tu, alikuwa ng'ombe wa mama mkwe.

Sasa mimi nina ugonjwa wa chati za bei kwenye simu.

Niliingia group moja wanajadili dhahabu na silva. Wakasema kwa karne nyingi gramu moja ya dhahabu ilibadilishwa kwa gramu kama kumi na tano za silva. Wakati najiunga, uwiano huo ulikuwa umefika gramu zaidi ya themanini. Maana yake silva imeachwa mbali, lazima ikimbize.

Nikaona hii ni rahisi. Nichukue silva sasa, uwiano ukishuka nirudi kwenye dhahabu, jozi moja izae jozi mbili. Nimfanyie mke wangu surprise. Nikajiona mchumi kabisa.

Alipoenda Butiama kumsaidia dada yake kuvuna mihogo, nikatoa hereni kwenye kopo la majani ya chai, nikampelekea sonara mjini. Akanipa bangili na mikufu ya silva, mfuko mzima. Ule uzito ulinifurahisha, siwezi kuwaficha.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilifungua simu chooni, sokoni, mpaka kanisani padri akihubiri. Ikishuka kidogo, chakula hakipiti.

Mke wangu akarudi, akafungua kopo, akakuta silva niliyoiweka humo. Nikamweleza uwiano wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akavunja njiti mbili za ufagio, akazichomeka kwenye matundu ya masikio.

"Tundu likikaa wazi linazibaga, baba Nyangi," akasema.

Bora angenitukana.

Miezi ikapita, na wakuu, silva ikapanda kweli! Uwiano ukaporomoka kama nilivyosema. Wiki hiyo hiyo tukapata taarifa kwamba mama mkwe anakuja kwenye kipaimara cha binti yetu Nyangi. Nikabeba mfuko wangu mbio kwa sonara, hereni zirudi kabla hajafika.

"Kaka, silva mimi nauzaga, sinunuagi," akasema huku anacheka. "Dhahabu hapa wateja wanaigombania. Silva nani ataniuliza?"

Nikaenda Bunda. Sonara wa kule akapima, akanitajia kidhahabu kisichotosha hata hereni moja. Nikamwonyesha chati.

"Basi kamuuzie huyo wa kwenye simu," akanijibu.

Nikarudi na mfuko wangu. Ule uzito sasa ulikuwa unaniumiza bega.

Mama mkwe akafika. Mtu na mkwewe hawatazamani usoni, lakini nilimwona anavyoangalia masikio ya mwanae. Akavua hereni zake za shaba, za siku nyingi, akamnyooshea.

"Vaa tu, mama," mke wangu akasema. "Zangu zinakuja."

Amenifichia aibu, mimi niliyemwibia. Niliona haya mpaka nikajifanya naenda kuangalia kuku.

Nilichojifunza: bei ya dunia ni ya dunia. Yako ni ile ya mtu aliye tayari kupokea mzigo wako mkononi. Na ukitaka kucheza, cheza na chako. Ng'ombe wa mama mkwe muache zizini.

Mwenye uzoefu wa kuuza silva kanda hii ya ziwa aseme hapa, nasoma kila comment. Matusi nayo nayapokea, nimeyastahili.

Njiti bado zipo masikioni. Kila Jumapili anavunja mpya kabla ya misa.

Ila tafadhali, mtu asiniambie uwiano leo umefika ngapi. Nimeshaangalia.